Mwanangu amemvunja mwenzake mkono, na kila mtu anasema ni gemu

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku kwa sababu mchana siwezi kulizungumzia jambo hili bila kulia, na hapa nyumbani kila ninayemgusia ana jibu lake tayari.

Nina watoto wawili, binti mdogo na kaka yake mwenye miaka 11. Barua hii inamhusu huyo kaka mtu. Ni mtoto mtaratibu, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Ukimtuma anakwenda, ukimkanya anainamisha kichwa. Ana kigugumizi tangu alipoanza kuongea. Sisi tulishakizoea, na wenzake wa shule ya kwanza walikuwa wamekizoea pia. Mwaka huu tulihama kwa ajili ya kazi ya baba yake, tukambadilishia shule.

Hivi karibuni niliitwa shuleni. Nilimkuta ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, viganja amevikalia, hanitazami. Wakati wa mapumziko alikuwa amemsukuma mwanafunzi mwenzake kwenye ngazi, yule mtoto akaangukia mkono, ukavunjika. Waliokuwepo walisema kabla ya kumsukuma alimwambia, "Leo nakumaliza." Mwalimu akamuuliza maneno hayo ameyatoa wapi. Kimya. Akamuuliza kama anacheza gemu nyumbani, akaitikia kwa kichwa. Gemu gani? Akaitaja. Ni ile ya kupigana risasi, wachezaji wengi wanaingia uwanjani, na anayebaki hai mwisho ndiye mshindi. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kitu. Mwalimu akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama, ondoeni hiyo gemu, mtampata mtoto wenu."

Baba yake aliporudi aliichomoa mashine ya gemu, akaifungia kabatini pamoja na pedi zake, na ufunguo anatembea nao. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema kabati halitoshi. Anataka mashine ivunjwe kwa nyundo mbele ya mtoto, ashuhudie kwa macho yake, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Wifi yangu naye hanipi nafasi ya kupumua. Kila siku ananitumia video kwenye simu: mara mtoto aliyemchoma mtu kisu kwa ajili ya gemu, mara mtoto aliyejirusha ghorofani. Nikifungua tu, tumbo linanikata.

Nilidhani gemu ikiondoka tutatulia. Haikuwa hivyo. Mtoto haongei na baba yake. Mezani anachokonoa chakula, anasema ameshiba. Usiku mmoja nilimkuta na simu yangu chini ya shuka, anajaribu kuingia kwenye akaunti yake. Halafu Jumamosi iliyopita alipanda juu ya paa la stoo, akaruka kuelekea ukuta wa jirani, dada yake amesimama chini anamtazama. Aliteleza, akachubuka kuanzia gotini hadi kwenye kifundo cha mguu. Kwa hasira nikamuuliza kama anataka kufa. Akasema, "Nilikuwa najaribu tu." Mama mkwe akasema, unaona sasa, ndiyo wanayoyafanya humo kwenye gemu, wanaruka mapaa na hawafi.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, Shangazi. Gemu ile alikuwa akiicheza na rafiki zake wa shule ya zamani. Anavaa hedifoni, wanaongea huku wanacheza. Nikipita mlangoni nilikuwa namsikia anacheka, anawaelekeza, "Njoo huku, nimekuona, usitoke hapo," na maneno yanatoka moja kwa moja bila kukwama. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiongea hivyo na mtu mwingine yeyote, hata na mimi. Lakini nimemsikia pia akipiga kelele na kutupa pedi ukutani akishindwa. Tena kwenye jalada la gemu yenyewe umri ulioandikwa ni mkubwa kuliko wake. Baba yake ndiye aliyemnunulia, kwa sababu rafiki zake wote walikuwa nayo.

Mume wangu ni baba anayewapenda watoto wake, lakini sasa kila usiku tunalumbana. Anasema nikiendelea kumtetea nitamlea jambazi. Mimi naogopa nikinyamaza nitampoteza kwa njia nyingine. Wiki ijayo shule inataka tusaini barua ya kuahidi kwamba hatacheza gemu tena. Nisaini? Gemu ndiyo iliyomharibu mwanangu, au kuna jambo sijaliona? Na dada yake, yuko salama akiwa naye?

Naomba unijibu kama mama.

Mama Mwenye Mawazo

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimeisoma barua yako nikarudia, na nikikuelewa vizuri, hali ni hii: mtoto wako, ambaye hukuwahi kumjua kwa ukorofi, amemuumiza mwenzake vibaya. Shule, mumeo, mama mkwe na wifi wote wamekubaliana kwamba chanzo ni gemu. Gemu imeondolewa, na mtoto badala ya kutulia ameanza kukutisha kwa namna nyingine. Wewe umebaki katikati na kumbukumbu ya sauti yake akicheka nyuma ya mlango, na hujui uiweke wapi.

Kabla ya gemu, niruhusu nimtaje mtoto ambaye kwenye barua yako amepita haraka. Ni yule aliyevunjika mkono. Anaendeleaje? Mmewahi kwenda kumjulia hali? Sikuulizi kukulaumu, kwa sababu mama aliyeitwa shuleni kwa habari kama hiyo hana nafasi ya kufikiria yote. Nakuuliza kwa sababu naona adhabu zote alizopewa mwanao mpaka sasa zinahusu mashine. Kabati, nyundo, barua ya ahadi, hakuna hata moja inayomkabili na mkono wa mwenzake. Akiwa na miaka 11 anaweza kuelewa kutokana na haya yote kwamba kosa lake lilikuwa kucheza gemu, na kwamba likishafungiwa kabatini limekwisha. Pengine kumwona mwenzake amefungwa plasta, hawezi kuandika wala kufunga vifungo vya shati, kungemfikisha mahali ambapo kabati halimfikishi. Mzazi wa yule mtoto anaweza kuwa bado ana hasira, na ana haki nayo, kwa hiyo ulizieni kwanza kama mtapokelewa. Msimburute mtoto kwenda kuaibishwa mbele ya watu.

Sasa gemu. Mwalimu na mama mkwe hawakulianzisha wao jambo hili. Mwaka 1993 Seneti ya Marekani ilifanya vikao kuhusu gemu za ukatili, Mortal Kombat ikiwa mojawapo, na mwaka uliofuata lebo za umri zikaanza kuwekwa kwenye majalada huko. Nchi nyingi za Ulaya zilipata lebo zao za pamoja mwaka 2003. Wanafunzi wawili walipowaua wenzao katika shule ya Columbine, Marekani, mwaka 1999, dunia nzima iliambiwa kwamba walikuwa wakicheza gemu ya risasi iitwayo Doom, na ni kweli walikuwa wakiicheza. Mwaka 2007, katika chuo cha Virginia Tech, huko huko Marekani, mwanafunzi mmoja aliua watu 32, na siku hiyo hiyo wachambuzi kwenye televisheni walishaanza kuzitaja gemu. Uchunguzi ulipofanyika, wenzake walioishi naye bwenini walisema hawakuwahi kumwona akicheza gemu hata mara moja. Sikutajii mambo haya kukutisha. Mwanao hayuko karibu na huko hata kidogo. Nataka uone jinsi jibu hili linavyowahi kufika kabla swali halijaulizwa.

Video za wifi yako nazo zina tatizo lake. Watoto wa kiume wa umri wa mwanao, walio wengi, wanacheza gemu. Ukigundua kwamba mtoto aliyefanya kosa alikuwa akicheza, ni sawa na kugundua kwamba alikuwa amevaa viatu. Hakuna anayerekodi video ya mtoto aliyecheza gemu ile ile jioni, akala, akafanya kazi za shule na kulala. Unaweza kumwambia wifi kwa heshima kwamba unamshukuru kwa kujali, ila kwa sasa zinakunyima usingizi.

Lakini sitaki nikupe faraja ya uongo. Watafiti hawako upande mmoja wote. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza waliwaangalia zaidi ya vijana 1,000 wa miaka 14 na 15, wakawauliza vijana wenyewe wanacheza gemu gani, na wakawauliza wazazi au walezi wao kuhusu tabia zao. Hawakuona kwamba waliocheza gemu za ukatili zaidi walikuwa wakorofi zaidi. Kwa upande mwingine, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2020. Kilisema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuhusisha gemu na uhalifu wa kuua au kujeruhi, na kwamba kuzitupia gemu lawama hizo kunatufumba macho tusione vyanzo vingine. Ila tamko hilo hilo lilisema upo uhusiano mdogo, unaojirudia kwenye tafiti, kati ya gemu za ukatili na ukorofi mdogo mdogo, kama vile kupiga kelele na kusukumana.

Kusukumana, mwanangu. Kwa hiyo siwezi kukuambia gemu haina mkono kabisa. Inawezekana ilimzoesha mwanao neno "nakumaliza" mpaka likawa jepesi mdomoni. Inawezekana hasira anayotoka nayo kwenye gemu ilikuwa karibu siku ile. Ninalotilia shaka ni kwamba gemu ndiyo iliyomchagua yule mtoto, kwenye ngazi zile, siku ile. Gemu haikuwa inamjua.

Uliandika sentensi moja ambayo imenikaa kichwani: "Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kitu." Mtoto ambaye hajawahi kumgusa mtu amefika mahali pa kusema "leo nakumaliza." Kwa nini leo? Neno "leo" linanifanya nijiulize kulikuwa na nini jana, na juzi, na wiki zilizotangulia. Barua yako imetaja kwa kupita tu kwamba ana kigugumizi, kwamba amehamishiwa shule ambayo wenzake hawajamzoea, na kwamba rafiki zake wote wako kule alikotoka. Watoto wenye kigugumizi huchekwa na kuigizwa na wenzao kuliko watoto wengine, hilo linajulikana vizuri. Na anayekwama kuongea akichokozwa hana jibu la haraka la mdomoni. Mikono hutangulia.

Tafadhali usiondoke na hili kama hukumu mpya badala ya ile ya gemu. Mimi sikuwepo. Huenda hakuna aliyemchokoza, huenda yeye ndiye aliyeanza. Huenda yule mwingine alikuwa anapita zake tu. Ninachosema ni kwamba hamjui, na mtu pekee anayejua hajaulizwa kwa namna anayoweza kujibu.

Ukimuuliza, usimkalishe mbele yako. Kaeni ubavu kwa ubavu, mnaosha vyombo au mnatembea, macho yenu yakiwa kwenye kitu kingine. Achana na "kwa nini", maana kwa mtoto neno hilo ni shtaka. Mwambie akuelezee mapumziko ya siku ile tangu kengele ilipolia: alitoka darasani na nani, alielekea wapi, nani alikuwepo kwenye ngazi. Akikwama kwenye neno, ngoja. Usimmalizie, usimwambie apumue au aongee polepole, hata kama moyo unakuuma. Endelea na kazi ya mikono mpaka neno litoke. Likitokea jina la utani, au wimbo wanaomwimbia, au kichekesho cha namna anavyosoma darasani, pokea bila kupandisha sauti. Akiona umeshtuka ataacha hapo hapo ili asikuumize. Usimwahidi kwamba jambo atakalokuambia litampunguzia adhabu, maana atalipima kila neno.

Kuhusu sauti uliyoisikia nyuma ya mlango, nataka uiamini. Kigugumizi hubadilika kulingana na mahali na mtu. Wengi hawakwami wakiimba, wakiongea peke yao, au wakiwa na mtu wasiyeogopa kuchekwa naye. Mwanao alikuwa na rafiki wanaomjua, macho yote yako kwenye skrini, na yeye ndiye anayewaelekeza wengine. Baba yake alipofunga kabati alifungia gemu na watu hao kwa pamoja, bila kukusudia. Usiku ule wa simu chini ya shuka, unajua kama alikuwa anatafuta gemu, au alikuwa anawatafuta wao? Yanaweza kuwa yote mawili. Namba za wazazi wa watoto hao, au hata ya mmoja wao, unayo? Kumruhusu aongee nao kwa simu Jumamosi mchana, bila gemu, kungekuonyesha mengi. Na popote ulipo, ukiweza kumpata mtaalamu wa matamshi ya watoto, mpeleke. Mtoto wa miaka 11 bado anaweza kusaidiwa sana, hasa na namna anavyojiona akiwa anakwama.

Paa limenitia wasiwasi kuliko ngazi. Mama mkwe ameona gemu pale, na si ajabu mtoto kutaka kujaribu alichokiona kwenye skrini. Watoto wa kiume waliruka mapaa na miti hata kabla ya umeme kufika majumbani. Lakini tazama siku: aliruka wakati mashine iko kabatini, haongei na baba yake, hali chakula vizuri, na kila mtu mzima anayemzunguka amekwisha kumwambia kwamba ameharibika. "Nilikuwa najaribu tu" inaweza kuwa na maana ya kitoto kabisa. Inaweza pia isiwe hivyo.

Kwa hiyo lile swali ulilomuuliza kwa hasira, lirudie ukiwa umetulia, na kwa maneno yaliyo wazi: je, kuna wakati anatamani asiwepo, au anawaza kujiumiza? Wazazi wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia mtoto wazo hilo. Haiko hivyo. Wanaofanya kazi hii wamejiridhisha kwamba kuuliza hakumsukumi mtoto huko, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Akikuambia ndiyo, au akinyamaza kwa namna ambayo moyo wako unaikataa, usimwache peke yake, na mfike kwa daktari au mshauri wa watoto siku hiyo hiyo. Hilo halisubiri barua ya shule wala kurudi kwa mtu yeyote kutoka safarini.

Umeniuliza kama binti yako yuko salama. Hujaniambia kwamba kaka yake amewahi kumpiga, kumtishia au kumfurahia akiumia, na naamini lingekuwepo ungeliandika kwanza. Hatari ninayoiona kwa sasa ni kwamba alikuwa amesimama chini anaangalia. Mtoto mdogo hutenganisha mchezo na kweli kwa shida kuliko kaka yake, na anayemwiga zaidi ni kaka yake. Msiwaache peke yao uani kwa kipindi hiki, na ngazi au mapipa ya kupandia kwenye paa yaondolewe. Ukianza kuona anawaumiza wanyama au wadogo bila kujali, au anapanga kulipiza kisasi na kukitaja mara kwa mara, hapo tafuta msaada mapema.

Turudi kwenye nyundo ya mama mkwe. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa ngumi na nyundo. Walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi walifanya walichokiona, pamoja na kurudia maneno yake. Utafiti huo hutajwa sana na wanaozilaumu gemu, na wana hoja. Lakini aliyekuwa anaigwa pale alikuwa mtu mzima aliyekuwa mbele yao. Mtoto akimwona baba yake akivunja kitu anachokipenda kwa hasira, ataona nini? Mama mkwe ana nia njema, na anaishi na mtoto huyu kila siku, kwa hiyo usimpinge mbele ya watu. Mwombe akuvumilie, na mwombe jambo analoweza kulifanya yeye kuliko sisi sote: kukaa na mjukuu wake jioni bila kumhoji.

Kabati lenyewe lina uzuri wake. Linapumzisha nyumba, na linamwonyesha mtoto kwamba jambo zito limetokea. Ubaya wake ni kwamba halina tarehe, na mtoto asiyejua mwisho wa adhabu huanza kutafuta mlango wa nyuma. Hata serikali zimelijaribu. Korea Kusini ilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wakawa wanaingia kwa utambulisho wa wazazi wao, na mwaka 2022 ikawa haitumiki tena.

Mnaweza kumrudishia gemu yote kama ilivyokuwa, na atafurahi, lakini lebo ya umri bado iko pale, na mwenzake bado ana plasta. Mnaweza kumruhusu acheze na rafiki wale wale gemu nyingine inayolingana na umri wake, sebuleni, sauti ikisikika, kwa siku na saa mlizokubaliana. Njia hiyo inaokoa urafiki, ila inawataka ninyi wawili muwe na muda na msimamo mmoja, na mumeo anaweza kuiona kama zawadi kwa aliyekosa. Mkichagua njia yoyote yenye gemu, ingieni kwenye mipangilio ya akaunti na mhakikishe anaongea na marafiki waliosajiliwa tu. Lebo ya umri hutathmini yaliyomo ndani ya gemu, haimjui mtu mzima mgeni anayeweza kuongea na mtoto wako kupitia hedifoni.

Kuhusu kutupa pedi, angalia ni wakati gani hasa. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2014 walionyesha kwamba hata Tetris, gemu ya kupanga vitofali isiyo na tone la damu, huwapandisha watu hasira ikifanywa ngumu kupita uwezo wao. Kushindwa kunauma. Halafu kwenye gemu za aina anayocheza, mchezo ukishaanza hausimamishwi. Ukimwambia "zima sasa hivi" katikati, anaachia wenzake njiani na wanamlaumu. Mwambie kabla hajaanza kwamba huo ndio wa mwisho. Ikiwa hata hivyo hawezi kuacha, usingizi, masomo na kula vinaporomoka, na hali inadumu kwa miezi, kuna jina la hali hiyo. Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa kucheza gemu kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, na kwa kawaida husubiri miezi 12 ya dalili kabla ya kuuthibitisha. Kutokana na uliyoandika sioni kwamba mmefika huko, lakini wewe ndiye uliye naye.

Saini ya shule. Ukikataa, wanaweza kukuona mzazi anayeficha kosa, na mtoto wako ndiye atakayebaki darasani na mtazamo huo. Ukisaini kama ilivyo, umekubali kwa maandishi kwamba mmeshajua chanzo, na shule haitakuwa na sababu ya kutazama ngazi zile tena. Pengine kuna nafasi katikati: uombe kikao kabla ya siku hiyo, muende wote wawili, mseme mnakubali kosa na mtaendelea kuzuia gemu kwa kipindi hiki, na muulize wao watafanya nini wakati wa mapumziko, nani atakuwa macho, na mwalimu anamsomeshaje darasani mtoto mwenye kigugumizi. Mwalimu aliyeongea nawe kwa upole anaweza kukusikiliza kuliko unavyodhani.

Na mumeo. Yeye ndiye aliyenunua ile gemu, ili mtoto asiachwe nyuma na wenzake. Alitaka mwanawe awe na rafiki. Huenda hasira anayoiweka kwenye kabati si ya mtoto peke yake. Mtafute wakati ambao hamjaanza kulumbana, umwelezee sauti ile ya nyuma ya mlango kama ulivyonielezea mimi. Sidhani kama ameisikia.

Ukipata kuongea na mwanao kabla ya siku ya saini, niandikie alichokuambia, hata kama ni maneno mawili. Barua yako nitaitanguliza.

Shangazi